Mbao za Nyumba Kuukuu na Kifua Changu

Ndugu zangu na dada zangu, asanteni kwa nafasi hii. Kiongozi wetu wa maombi alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Leo ni wewe. Na usituhubirie, tuambie yaliyotendeka." Basi nitajaribu kuyapanga kama yalivyofuatana, la kwanza mbele na la pili nyuma yake. Lakini niwaonye mapema. Mambo haya yaliponipata sikuyaelewa, na hata sasa kuna mahali nikifika nasimama najikuna kichwa. Mkiona nimesita, msidhani nimesahau. Nitakuwa nimefika tu mahali ambapo mimi mwenyewe sijui.

Wengi mnanijua kwa kazi. Mimi ni fundi wa mbao. Kibanda changu kiko hapa mtaa wa Jericho, Nairobi, karibu na soko. Natengeneza milango, kabati, meza na vitanda. Humu ndani kuna watu wanaolala kwenye vitanda vyangu, na sijasikia malalamiko, isipokuwa mzee mmoja pale nyuma anayesema chake kinalia akigeuka. Mzee, kilete tukikaze. Au punguza kugeuka.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi na saiprasi, na mahogani mteja akijiweza. Vumbi lilikuwa vumbi tu. Jioni nilijikung'uta, nikanawa uso, nikaenda nyumbani. Kifua changu sikuwahi kukifikiria, kama vile mtu asivyofikiria kisigino chake mpaka kiatu kimchubue.

Mambo yalianza na nyumba kuukuu zilizokuwa zikibomolewa upande ule wa pili wa mji. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alikuja na lori limejaa fremu za milango, mihimili na mbao nene zilizokuwa ngazi. Alinigongea ubao mmoja kwa kidole.

"Sikia hiyo sauti, buda. Hii ni tiki. Tiki ya wakati wa Mzungu. Siku hizi ukiitaka utaiota tu."

"Yote ni tiki?"

"Yote. Inua mwenyewe uone uzito."

Niliinua. Ilikuwa nzito, ya kahawia, na hakuna mchwa aliyekuwa ameigusa. Ngoja niwaeleze wasio mafundi, maana hapa ndipo kichwa changu kilianza kuvurugika. Tiki halisi, ambayo vitabuni huitwa msaji, ni mti uliotoka Asia ukaja kupandwa huku kwetu. Lakini kwa mafundi wengi wa mtaani, mbao yoyote nzito, ya kahawia, iliyokataliwa na mchwa, ni tiki. Hatumuulizi mti amezaliwa wapi. Tunapima kwa mkono, tunaangalia rangi, tunanunua. Nami nilikuwa na mama mmoja mteja aliyekuwa akijenga, anataka milango ya nyumba nzima ifanane. Nilichukua shehena yote.

Nilipoanza kuzifungua mbao zile niliona jambo ambalo sikulitilia maanani. Hazikuwa na tabia moja. Nyingine ukipitisha randa zilikuwa na utelezi kama zimepakwa mshumaa, na zilinuka kama ngozi ya kiatu kipya, ile harufu inayokupokea ukiingia soko la viatu la Kariokor. Nyingine zilikuwa kavu, hazina utelezi. Zikirandwa zinatoka rangi ya manjano, ukiziacha juani zinageuka kahawia kama zile nyingine. Nilijiambia labda hizi zilikaa upande wa mvua na zile upande wa jua. Macho yaliona, lakini kichwa hakikuuliza.

Kisha likaja jambo la jiwe. Si kila fundi ana mashine ya kuranda. Kuna mwenye mashine mmoja, na sote tunapanga foleni kwake. Siku hiyo mimi nilikuwa upande wa kupokea mbao zinapotoka. Tulikuwa tunapitisha moja ya zile kavu. Ghafla mashine ikapiga kelele, cheche zikaruka, kisu kikakatika. Mwenye mashine akazima umeme, akanigeukia.

"Fundi! Umeniachia msumari ndani?"

"Nimeng'oa yote. Nimepitisha sumaku mara mbili." Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, huwa napitisha juu ya kila mbao kuukuu.

"Sumaku yako ni ya kuchezea. Leta ubao hapa."

Tukaangalia. Hakukuwa na msumari. Katikati ya mbao kulikuwa na kitu cheupe, kigumu, kama kipande cha chokaa kilichoganda, na nyuzi za mbao zimekizunguka pande zote kama nyama inavyozunguka mfupa. Hakukuwa na ufa wala tundu lililokipitisha.

"Hili ni jiwe," akasema.

"Jiwe limeingiaje?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni mwenye mashine, sikuumba miti."

Mtu mmoja kwenye foleni akadakia, "Hizo ni mbao za nyumba za watu. Nani anajua kilichofanyika mle ndani? Mimi nisingeziingiza kwangu."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini ndugu zangu, nawaambia, neno la namna hiyo huwa linaingia sikioni na kukaa humo likingoja siku utakayokuwa mnyonge.

Siku hiyo haikukawia. Nilianza kwa chafya. Macho yakawasha, nikawa nayafikicha kama niliyemenya vitunguu. Mke wangu akasema ni baridi ya Julai. Baridi ikapita, chafya zikabaki. Kisha kifua kikaingia. Nikitoka kazini nahisi kama mtu amenifunga mshipi mbavuni na anaukaza taratibu. Nikipumua, ndani kunapiga filimbi. Kutoka kibandani mpaka nyumbani si mbali, mnajua. Ilifika mahali nasimama njiani najifanya nasoma bango la mganga wa meno, ili watu wasijue kwamba natafuta hewa.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jamaa yangu mmoja anayetengeneza viatu vya matairi alisema ni moshi wa magari. Shemeji yangu akasema ni maziwa, niache maziwa. Nikaacha maziwa, nikawa mgonjwa asiyekunywa chai ya maana. Mwingine akanong'ona kwamba ni TB, nami nikaogopa zaidi, kwa sababu nyumba yetu ni ya chumba na sebule, na tunapumua hewa moja sote.

Nikaenda kliniki. Wakapima makohozi, wakapiga picha ya kifua. Hakuna TB. Wakanipa dawa, nikapata nafuu kidogo, halafu hali ikarudi. Nikaenda tena. Hakuna TB. Daktari aliniuliza kazi yangu, nikamwambia.

"Umejaribu kupumzika na kazi hiyo?" akaniuliza.

Swali zuri sana. Wakati huo nilikuwa sijajaribu bado, kwa hiyo nikaenda kupumzika. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopotea kabisa, kwa sababu nilifunga kibanda, nikakaa nyumbani kama mgeni, na nikazidi kuwa mgonjwa.

Msinicheke sasa, ngojeni. Ninyi mnaona mbele kwa sababu nawasimulia kwa mpangilio. Mimi nilikuwa ndani yake, na ndani hakukuwa na mpangilio.

Mke wangu anauza chapati na githeri ya mahindi na maharagwe pale nje ya nyumba yetu. Asubuhi na mapema anapika ndani, karibu na mlango. Na tangu tuoane, vumbi la kibanda changu ndilo mafuta yake. Wengi wenu mnalijua jiko lile. Unachukua mkebe mkubwa wa rangi, unasimamisha chupa katikati, unashindilia vumbi la mbao kuizunguka chupa mpaka likaze kama udongo, kisha unaichomoa chupa na kuwasha kwenye tundu. Linawaka polepole mpaka mchana. Makaa yalipopanda bei nilijisifu kwamba mimi sinunui makaa. Kila jioni nilikuja na gunia begani. Gunia lilikaa nyuma ya mlango, karibu na kiti ninachopenda kukalia. Na nilipofunga kibanda ili nipumzike, yalikuwapo magunia kadhaa ya akiba.

Kwa hiyo nikarudi kwa daktari nikamwambia kwa ujasiri, "Nimepumzika na nimezidi. Si kazi." Naye, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshuhudia, akaiweka kazi kando akaanza kutafuta kwingine. Simlaumu. Nilimpa habari ya kweli iliyompeleka njia isiyo ya kweli.

Baada ya hapo ndugu wa kikundi chetu walikuja kuniombea. Nawashukuru, na naendelea kuwashukuru. Ila ndugu mmoja, yuko hapa na ananitazama kwa jicho kali, alisema ameona katika ndoto kitu kimezikwa ndani ya kibanda changu. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilikumbuka yule mtu wa kwenye foleni, nikakumbuka jiwe. Nikasema, tuchimbe. Tulichimba sakafu ya kibanda kuanzia mlangoni mpaka ukutani. Tulipata patasi yangu iliyopotea zamani, kijiko, na sindano ya kushonea magunia.

"Umeona?" ndugu yule akasema. "Sindano!"

"Hiyo ni ya mke wangu," nikasema. "Tunashonea magunia ya vumbi."

Akatafakari. "Basi patasi."

Patasi ilikuwa nzuri. Nikaisafisha, naitumia mpaka leo.

Vumbi tulilotimua siku ile ya kuchimba lilinilaza. Waliokuwapo wakasema adui amekasirika kwa kufukuliwa. Nami nikaamini nusu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutokuwa na jibu, na jibu baya lilionekana afadhali kuliko kukosa kabisa.

Kisha mjomba wangu akafariki, tukaitwa Murang'a kwa mazishi. Mke wangu alibaki na biashara, nikaenda peke yangu. Mnajua milima ya kwetu. Niliogopa kwamba nitafia kwenye mteremko wa kwanza, wanizike pamoja na mjomba wapunguze kazi. Lakini kila kulipokucha kifua kililegea zaidi. Nilibeba maji kutoka mtoni, nikapasua kuni, nikasaidia kubeba jeneza kwenda shambani. Kaka yangu mkubwa alinitazama nikipanda bila kusimama.

"Wewe unaumwa nini huko Nairobi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hapa huumwi."

"Naona."

"Basi mbona unauliza daktari? Kuna kitu katika nyumba yako. Au kuna mtu."

Ndani ya nyumba yangu kuna mtu mzima mmoja tu zaidi yangu, ndugu zangu. Nikarudi Jericho, nikaketi kwenye kiti changu nyuma ya mlango, mke wangu akanipa chai, na kabla kikombe hakijaisha ule mshipi ukaanza kukazwa.

Kaka yangu hakuachia hapo. Alipiga simu, akasema amenitengea kipande cha shamba, niuze zana zangu, nirudi nyumbani niishi. Niliuliza, "Na mama watoto?" Akasema, "Wewe kwanza pona." Simu ilikuwa na sauti kubwa. Mke wangu alikuwa anakanda unga. Alisikia.

Aliacha kukanda. "Kwa hivyo mimi ndiye ugonjwa?"

"Sikusema hivyo."

"Hukukataa pia."

Na ilikuwa kweli, sikukataa. Nilikuwa nimejipangia ushahidi wote mbele yangu kama mbao mezani. Nikifanya kazi, naumwa. Nikikaa nyumbani, naumwa. Nikienda mbali na nyumba na mke, napona. Kila kipande kilikuwa cha kweli, na nikivipanga vilitoa sura ya kitu nisichoweza kukiamini. Yule mwanamke alikuwa akinikanda mgongo kila jioni. Nilimtazama nikawa sijui ninatazama nini. Sikulala vizuri, hakulala vizuri, na tulianza kuongea kwa adabu nyingi, kama wapangaji wawili. Nilimpata fundi wa kununua zana zangu. Tulikubaliana aje Jumamosi azichukue, kisha mimi niende Murang'a peke yangu, kwanza. Neno hilo "kwanza" tulilitumia sana wiki ile.

Na hapa, sikilizeni, ndipo jambo lilipogeuka, na halikugeuzwa na mimi.

Jirani yetu ni mama anayefuga kuku nyuma ya nyumba. Ametoka magharibi, upande wa Busia, na ana sauti inayosikika mpaka upande wa pili wa soko. Miaka yote alichukua vumbi na maranda ya saiprasi kwangu akayatandaza chini kwenye banda la kuku; yalipokwisha, wiki ile nilimpa gunia moja la akiba yetu. Ijumaa ile, siku moja kabla ya mnunuzi kuja, aliingia kwetu akiburuta gunia, akalitupa katikati ya sebule.

"Wewe fundi! Umenipea nini?"

"Mama, karibu. Ni vumbi la mbao, kama siku zote."

"Kama siku zote? Angalia!" Akanyoosha mikono. Kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko ilikuwa imetoka vipele vyekundu. Macho yamevimba. "Nimetandaza hii kitu jana. Usiku wote najikuna kama mbwa. Umeweka pilipili?"

"Siwezi kuweka pilipili kwenye vumbi, mama."

"Basi kuku wangu wanapiga chafya kwa nini? Umewahi kuona kuku akipiga chafya?"

Mke wangu, ambaye hakuwa amecheka kwa siku nyingi, akafunika mdomo kwa mkono. Yule mama akaingiza kidole ndani ya gunia, akatoa vumbi kidogo, akalisogeza penye mwanga wa mlango. Lilikuwa la manjano, limeanza kugeuka.

"Hii ni mvule," akasema.

"Hapana mama, hiyo ni tiki."

"Tiki ya nani? Kwetu mvule tumezaliwa tukaukuta. Baba yangu alikuwa anapasua mvule. Mtu akipasua mvule anafunga uso kama mwizi, na akifika nyumbani haguswi na mtu mpaka aoge. Ndani kulikuwa na mawe?"

"Mawe ya namna gani?"

"Meupe. Mvule hufuga mawe tumboni. Fundi gani wewe hujui?"

Ndugu zangu, mimi na mke wangu tuliangaliana. Kisha, wote wawili kwa pamoja, tukageuka tukatazama nyuma ya mlango, yalipokuwa yale magunia.

Mke wangu alishika gunia moja, nami nikataka kumsaidia, akanisukuma. "Wewe toka nje," akasema. "Toka kabisa." Akafunga kitambaa usoni, akayatoa yote. Akautoa mkebe wa jiko, akafuta kuta kwa kitambaa chenye maji, akaosha pazia, akaanika magodoro, akapiga deki mara mbili. Githeri ya siku hiyo haikupikwa. Mimi nilikaa nje kwenye jiwe la kufulia nikimsikiliza akifanya kazi ndani, na nilisikia, ndugu zangu, kwamba alikuwa akilia na kuimba kwa wakati mmoja.

Mnunuzi alipokuja kesho yake nilimwambia asubiri. Alinuna. Tukarudi kupikia makaa. Niliporudi kliniki, safari hii nilikwenda na kipande cha kila mbao kwenye mifuko iliyofungwa, pamoja na habari ya magunia. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akaninong'oneza kama mtu aliyekasirika na nafsi yake na yangu pia, "Kumbe ulipumzikia ndani ya kazi." Akasema ni pumu, na kwamba kuna mbao ambazo vumbi lake huichokoza, na mvule unajulikana kwa hilo. Akanipa kile kidude cha kupulizia dawa mdomoni, akanionyesha namna ya kukitumia.

Nilimuuliza maswali ambayo bado ninayo. Mbona mvule haukunidhuru mwanzoni, nikafanya kazi nao kwa muda mzuri nikiwa salama? Akasema mwili hujifunza kukataa kitu, na ukishajifunza hausahau upesi. Mbona mke wangu, aliyeshindilia vumbi lile kwa mikono yake kila asubuhi, hakupata hata kipele? Akasema miili si sawa. Je, tiki yenyewe ni salama? Akasema hapana, hawezi kuniahidi. Nayo huwasha wengine. Nikatoka pale na dawa mkononi na kichwa kimejaa.

Nilifanya kosa moja hapo ambalo naomba msilifanye. Nilitaka kuhakikisha. Nilipokuwa nimepata nafuu nilisimama nje ya kibanda nikaranda ubao wenye utelezi, ule wa harufu ya ngozi. Hakuna kitu. Siku nyingine nikakata ule mkavu, kidogo tu. Jioni nilikuwa kitandani, mke wangu ananipulizia dawa na kunigombeza kwa pumzi moja. Daktari aliposikia aliniuliza kama mimi ni panya wa maabara. Alikuwa na haki. Lakini nilijua.

Mbao zile kavu nilimpa fundi mwingine mwenye kibanda kilicho wazi pande zote, na nilimweleza yote: jina la mti, mawe yake, vumbi lake. Nilimfungia na barakoa. Milango ya yule mama mteja niliimaliza kwa tiki halisi pekee, ikawa michache, na mingine nikaimalizia kwa mahogani. Nilimwambia ukweli kwamba haitafanana, akakubali. Tiki ina ukaidi wake. Kwa mafuta yale yanayoifanya iteleze, gundi haishiki usipoifuta na tina, ile ya kuzimulia rangi, na kuigandisha siku hiyohiyo uliyoiranda. Makali ya randa huisha upesi. Lakini kifua changu kinaivumilia, nami naivumilia kwa shukrani, na kitambaa usoni.

Siku hizi mbao ikija kwangu sinunui kwa uzito. Nainusa. Naipapasa. Naparuza kidogo, nje, penye upepo, nitazame rangi ya ndani na nione kama itageuka. Namuuliza muuzaji imetoka wapi. Na bado nachanganyikiwa. Juzi mtu aliniletea "tiki ya Elgon", na nikaja kuambiwa kwamba mti huo ni ndugu wa mzeituni, si wa msaji. Mwingine ana "mahogani" ambayo hata mwenyewe anacheka akiitaja. Mbao tulizo nazo ni nyingi kuliko majina tunayotumia. Nisipojua, nasema sijui, na naiacha kando mpaka nimpate anayejua. Hilo sikuwa nalifanya zamani.

Basi nishukuru. Namshukuru Mungu aliyenirudishia pumzi kupitia mikono yenye vipele ya jirani yangu, ambaye kwa sasa anatandaza nyasi kavu kwa kuku wake na hachukui kitu kwangu. Nawashukuru wa kliniki, waliovumilia ushahidi wangu mbovu. Namshukuru mwenye mashine, ambaye nilimlipa kisu na akaacha kuicheka sumaku yangu. Nakushukuru wewe ndugu wa ndoto, maana ulikuja kuniombea wakati wengine walikuwa wanaogopa kuketi karibu nami. Kaka yangu alikuja mwenyewe kutoka Murang'a, akasimama mbele ya mke wangu akiwa ameshika kofia mkononi. Waliyosemezana ni yao.

Na kama nina neno la kuwaachia, ni hili. Ukiumwa na usijue ni nini, usianze kwa kuuliza ni nani. Anza na vitu. Umeshika nini, umevuta nini, umebeba nini begani ukakiingiza nyumbani ukijiona mwerevu. Vipitie vitu vyako vyote kwanza, hata vile vya bure. Watu waache mwisho. Mimi nilikuwa nimebakiza siku moja tu nimwache mtu asiye na hatia, na sababu ilikuwa imekaa nyuma ya mlango ndani ya gunia.

Nimeongea muda mrefu, naona mnatazama saa. Nimeongea nikiwa nimesimama, na sikuketi. Mke wangu yule pale, karibu na dirisha. Mwaka jana nisingeweza kusema nusu ya maneno haya bila yeye kuinuka kwenye kiti na kunisogelea, akisikiliza kama filimbi imeanza. Mtazameni sasa. Anasinzia. Tafadhali msimwamshe.